Flashi haijui H na h: maswali yenu ya mwezi huu

Mpiga picha, Kamalondo: Kwenye kompyuta yangu ya Ubuntu (aina ya Linux) nina dosie mbili, "Harusi" na "harusi". Nikizinakili kwenye flashi naulizwa kama ninataka kuziunganisha. Mbona majina si sawa?

Kwa Ubuntu si sawa, Papa. Kwa flashi ni jina moja. Kila diski ina mfumo wake wa kupanga faili. Ya Ubuntu kwa kawaida ni ext4, nayo hutofautisha H na h. Flashi nyingi ni FAT32 au exFAT: hizo hutunza jina jinsi ulivyoliandika, ila zikitafuta faili hazijali herufi ni kubwa au ndogo. Dosie ya pili ikifika, flashi inajibu kwamba jina hilo limekwisha chukuliwa, na programu ya mafaili inakutupia wewe uamuzi.

Hatari iko kwenye jibu lako. Kamera ikianza kuhesabu upya, kila dosie inakuwa na DSC_0001.JPG yake. Unganisha, bonyeza "badilisha zote", na harusi ya Jumamosi inaifuta ya Ijumaa pale kwenye flashi. Za kwenye kompyuta zingali salama, mpaka utakapozifuta ili kupata nafasi. Kabla ya kunakili, fungua terminali (dirisha la kuandika amri) ndani ya dosie kuu iliyobeba hizo mbili, uandike:

`find . | sort -f | uniq -di`

Kila jina litakalotokea lina pacha wake, libadilishe. Na kusema kweli, mpiga picha wa harusi anayeita dosie "Harusi" anajitafutia. Weka tarehe na jina la familia.

Wa duka la fotokopi, mtaa wa Kenya, Lubumbashi: Nataka kubadili "BARUA.doc" iwe "barua.doc" kwenye flashi. Programu inasema faili hiyo ipo tayari.

Ipo, ndiyo hiyohiyo! Programu imeuliza diski kama "barua.doc" ipo, diski ikasema ndiyo, programu ikaogopa. Iliyoandikwa vizuri hutazama kama majina hayo mawili yanaelekea kwenye faili moja, kisha huendelea; Windows na macOS za siku hizi hukubali bila ubishi. Yako ikikataa, pitia jina la kati: "barua1.doc" kwanza, halafu "barua.doc".

Mwanafunzi wa informatiki: Tovuti yangu ina picha zote kwenye Windows. Nikiipandisha kwenye seva, logo haionekani.

Umeandika "logo.png" ndani ya ukurasa na faili inaitwa "Logo.PNG". Windows imekufichia kosa, seva ya Linux haifichi. Ukitumia Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi yako, tumia `git mv` kubadili jina, kwa sababu kwenye Windows Git huwa imewekwa isijali tofauti hiyo na inaweza isione kwamba umebadilisha kitu.

Mama mwalimu, Katuba: Katika dosie moja ya Linux nina faili mbili za "Élèves.xlsx", jina lilelile herufi kwa herufi. Inawezekanaje?

Macho yanaona jina moja, diski inaona mawili. Herufi "é" inaweza kuandikwa kwa kodi moja (namba ya herufi ndani ya kompyuta), au kwa "e" ikifuatwa na kodi ya alama peke yake. Mac za zamani, zenye mfumo wa faili wa HFS+, zilikuwa zikitenganisha hivyo, na majina yaliyotoka huko bado yanazunguka kwenye flashi za watu. APFS, mfumo wa Mac za leo, huyahesabu maandiko yote mawili kuwa jina moja. Ext4 kwa kawaida hulinganisha baiti tu, kwa hiyo inazipokea zote mbili. Fungua kila moja, tazama ipi ina pointi za karibuni, nyingine iite kwa jina lisilo na alama yoyote. Usifute kwanza.

Je, Windows inaweza kufundishwa kutofautisha herufi kubwa na ndogo?

Ndiyo, tangu 2018, kwa dosie moja moja, kwa amri ya `fsutil`. Linux nayo tangu toleo 5.2 la 2019 inaweza kuambiwa isitofautishe kwenye ext4. Sipendekezi ya Windows kwa dosie za kazi za kila siku: programu nyingi hazikutegemea kukuta "Ripoti" na "ripoti" pamoja, na zinaweza kukufungulia isiyo yako.