Kusoma stringi ya mtumiaji ndani ya kerneli ya Linux: angalia baiti ya mwisho

Programu ikiita open() ili kufungua faili, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) haipokei jina la faili kama stringi (mfululizo wa herufi); inapokea tu anwani ya mahali jina lilipo kwenye kumbukumbu. Huenda anwani hiyo ni mbovu, huenda inaelekeza ndani ya kerneli yenyewe, na maandishi yaliyopo hapo yanaweza kubadilishwa na uzi (thread) mwingine wa programu ileile huku wewe bado unasoma. Kwa hiyo usiiguse kwa fanksheni za kawaida za stringi, strlen() wala strcpy(). Kwenye prosesa zenye SMAP (x86) au PAN (ARM), yaani kinga inayoizuia kerneli kugusa kumbukumbu ya mtumiaji kiholela, kosa litajulikana hapohapo. Zisizo nayo zitakuachia msimbo upite majaribio yote, na hilo ndilo baya zaidi.

Ya kutumia kwa kawaida ni strncpy_from_user(). Hurudisha urefu wa stringi bila kuhesabu sifuri ya mwisho (baiti inayoonyesha kuwa stringi imeisha), au msimbo wa kosa -EFAULT anwani ikiwa mbovu. Stringi isipoenea kwenye bafa (nafasi uliyotenga kuipokea), hurudisha ukubwa uleule uliotaja, na bafa inabaki bila sifuri. Hapo ndipo wengi huteleza.

n = strncpy_from_user(buf, uptr, sizeof(buf));
if (n < 0)
    return n;
if (n == sizeof(buf))
    return -ENAMETOOLONG;

Usibadilishe mpangilio huo. sizeof ni namba isiyo na hasi, kwa hiyo ukitanguliza n >= sizeof(buf), -EFAULT inageuka namba kubwa mno na anwani mbovu inaripotiwa kama jina refu. Utatafuta hitilafu mahali ambapo haipo.

Kama urefu haujulikani mapema, strndup_user() hutenga kumbukumbu yenyewe. Jibu lake lipime kwa IS_ERR(), inayotambua pointa (anwani) iliyobeba msimbo wa kosa, si kwa NULL. Ndani yake hupima urefu, hunakili, kisha hulazimisha baiti ya mwisho iwe sifuri. Mstari huo wa mwisho si pambo: kati ya kupima na kunakili, uzi mwingine unaweza kuifuta sifuri. Ukishapata nakala, kagua nakala na utumie nakala. Usirudi tena kwenye anwani ya mtumiaji.

Fanksheni hizo mbili zinaweza kulala zikisubiri ukurasa (kipande cha kumbukumbu) uletwe kutoka diski, kwa hiyo hazifai ukiwa umeshika spinlock (kufuli ambalo mwenye kulishika haruhusiwi kulala) au uko ndani ya interapti (ukatizaji wa prosesa). Kwa kprobe (kichunguzi kinachopachikwa kwenye kerneli inayofanya kazi) kuna strncpy_from_user_nofault(), ila hesabu yake ni nyingine: inajumlisha sifuri. “Mombasa” kwa ile ya kwanza ni 7, kwa hii ni 8. Stringi ikizidi, huikata, huweka sifuri na kurudisha ukubwa wa bafa, jibu lilelile la stringi iliyoenea barabara. Ukitaka kujua kama imekatwa, ongeza baiti moja kwenye bafa kuliko urefu unaoukubali, sifuri ikiwa imehesabiwa.

Kwenye eBPF (programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya kerneli), bpf_probe_read_user_str() nayo huhesabu sifuri. Ikirudisha -EFAULT usikimbilie kulaumu pointa. Mara nyingi ukurasa bado haujawekwa kwenye kumbukumbu ya programu hiyo. Kwa openat (wito mwingine wa kufungua faili), hifadhi pointa kwenye mapu (hifadhi ya data ya eBPF) wakati wa kuingia kwenye wito huo, ufunguo ukiwa namba ya uzi, kisha soma jina wakati wa kutoka, kwani kerneli itakuwa imeshauleta ukurasa huo. Jina hilo litoshe kwa logi tu. Usiliamulie ruhusa, maana programu imepata nafasi ya kulibadilisha.