Mzee wangu alikuwa mlevi, na mimi nakunywa nyingi silewi, je nitakuwa mlevi pia?
Pole ndugu, kwamba baba mlevi basi na wewe lazima uwe, hapana bwana. Tafiti za mapacha zinaonyesha jeni, yaani vinasaba tunavyorithi kwa wazazi, zinachangia kama nusu hivi ya hatari, na hakuna jeni moja ya ulevi, ziko nyingi kila moja inasukuma kidogo. Ila hilo la kunywa nyingi na hulewi wakati wenzako wako chali, usijisifie! Daktari mtafiti Marc Schuckit kule California, Marekani, alifuatilia vijana wa kiume waliozaliwa na walevi akakuta wale pombe isiowakolea ndio wengi walikuja kupata tatizo baadaye, yaani breki ya kuwaambia imetosha hawana. Ningekuwa wewe ningepunguza kuanzia leo, ila kama ukikosa pombe mikono inatetemeka usiache ghafla peke yako, muone daktari kwanza na habari za mzee usimfiche.