Mota ya umeme kwenye pikipiki ya petroli: piga hesabu kabla ya kukata waya

Wengi wanaotaka kufunga mota kwenye pikipiki ya petroli wanatarajia injini ichaji betri njiani. Haiwi. Magneto, yaani kizalisha umeme cha injini, ya pikipiki ya cc 125 hutoa takriban wati 100, na taa zinakula sehemu kubwa. Betri ya volti 72, ampea-saa 20, inabeba wati-saa 1,440. Hata ukizima taa zote, utaijaza kwa zaidi ya saa 14, tena kwa petroli uliyonunua mwenyewe.

Breki ya mota, inayorudisha nishati ya mwendo kwenye betri, nayo haiokoi kitu. Pikipiki, dereva na abiria wakiwa kilo 250 kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, nishati yote ya mwendo ule haifiki wati-saa 7. Ukiirudisha nusu, umepata cha kuwasha taa ya wati 35 kwa dakika tano. Kawasaki wametoa Ninja 7 Hybrid, injini ya cc 451 na mota ya kilowati 9, lakini ina zaidi ya kilo 220. Si chombo cha kupitisha abiria sokoni Darajani, Unguja.

Njia yenye maana ni moja: chaji ukutani usiku kwa umeme wa Tukuza (wa kulipia kabla Zanzibar), mjini utumie mota, shamba injini. Ukibakisha asilimia 20 ya chaji, hesabu kilomita 30, yaani Chake hadi Wete bila kurudi, na vilima vya Pemba vinaweza kuimaliza chaji kabla. Kama safari zako zote ni Mwanakwerekwe na Mjini, nunua ya umeme mtupu. Usibebe injini bure.

Ukishikilia kufunga, gurudumu la nyuma lina cheni, kwa hivyo mota itakaa ndani ya gurudumu la mbele. Hapo ndipo kwenye kazi khasa. Ekseli inataka kuzunguka yenyewe. Ikizunguka inatanua tundu la shokapu na kukata waya zinazopita ndani yake. Ikabe kwa bamba la chuma la milimita 6 kila upande. Breki ya ngoma itaondoka, basi uwe na diski. Betri ya lithiamu, mota na kontrola (kifaa kinachoendesha mota) ni kama kilo 25, sawa na mfuko wa mchele, na mota yote iko mbele.

Mota ya kilowati 2 huvuta ampea 28. Weka fyuzi ya ampea 40 ya umeme wa betri karibu na chanya ya betri. Swichi ya nyumbani isitumike: cheche ya betri haikatiki upesi, itayeyuka. Viungo vyote vipake grisi, maana hewa ya chumvi huigeuza shaba kijani.

Anayekaa juu ya kilima asichaji mpaka asilimia 100. Akishuka na breki ya mota, bodi ya betri (saketi inayoilinda) inakata, volti zinapanda, kontrola inaungua. Kontrola ikiungua kwa shoti, gurudumu la mbele hukaza kama limeshikwa breki, na kwenye lami yenye mvua utaanguka. Waya tatu nene za mota zifunge kwa plagi inayofikika kwa mkono. Ukizichomoa, gurudumu linalegea na unarudi nyumbani kwa injini.