Baridi ikianza tu, sisi wazee tunashuka jangwani

Swali la wiki hii mmeuliza, ukistaafu ughaibuni unarudi nyumbani, unakaa na watoto au una mpango mwingine. Sisi tuna mpango mwingine. Tulinunua RV, lile gari lenye kitanda, jiko na choo humohumo ndani, na baridi ikianza tu hapa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, mimi na mume wangu baba Salma tunafunga nyumba tunashuka zetu Arizona mpaka mwezi wa nne. Wenzetu wanashangaa, watu wazima mnaenda kukaa jangwani kufanya nini? Ngoja nieleze, maana wengi wa umri wetu wanaliweza hili ila hawajui tu.

Tuanze na hela. Ardhi kubwa kule ni ya serikali kuu, na sehemu nyingi unaruhusiwa kupiga kambi bure mpaka siku 14 halafu unahamia kwingine. Karibu na kamji kanaitwa Quartzsite kuna maeneo ya kukaa muda mrefu, sisi tulilipa dola 180 kwa msimu mzima, 15 Septemba mpaka 15 Aprili, hebu linganisha na kodi ya chumba kimoja mjini. Na ukishafika miaka 62, kama ni raia wa Marekani au una grinikadi, yaani kibali cha kuishi moja kwa moja, chukua ile pasi ya wazee ya mbuga za taifa, dola 80 mara moja basi ni yako maisha, Grand Canyon unaingia, Saguaro unaingia, White Sands unaingia.

Sasa maji, hapo ndo penye kazi. Unapoegesha hakuna bomba. Gari lina matangi matatu, la maji safi, la maji ya sinki na bafu, na la choo, na hilo la choo likijaa lazima uende kulimwaga kwenye sehemu maalumu, siyo porini. Kwa hiyo tunaoga kwa kopo, sahani nazifuta kwanza na karatasi mafuta yatoke ndo nazipitisha kwenye beseni dogo, na maji niliyooshea mchicha mzee anayachukua anaenda kumwagia chooni. Wajukuu wakija wanapiga mswaki huku bomba la ndani ya gari linatiririka, babu yao anainuka anafunga, hasemi neno. Sisi tuliokulia Tanga tukibeba ndoo kichwani hili halitupi shida hata kidogo, yaani naona Wazungu wanahangaika nalo kuliko sisi.

Halafu hapo Quartzsite kuna kaburi ambalo kila Muislamu anayepita njia ile angesimama. Ni la Hadji Ali, mchunga ngamia aliyetoka huko dola ya Uthmaniya. Jeshi la Marekani lilileta ngamia Texas mwaka 1856 wabebe mizigo jangwani, naye akaja nao, mpango wenyewe ukaja kufa lakini yeye akabaki Marekani mpaka akafariki mwaka 1902. Jina lake liliwashinda wakawa wanamwita Hi Jolly, na ndilo liko pale kaburini. Wamemjengea piramidi ya mawe, juu yake kasimama ngamia. Tulimsomea Fatiha, na mimi kila tukipita lazima tusimame tena, nafikiria mtu kufia mbali vile na ndugu wa kwao wasiweze hata kuja kumzuru, inaniuma sana.

Meno je? Wazee wengi wanavuka kwa miguu kwenda Los Algodones, upande wa Mexico karibu na mji wa Yuma wa Arizona, madaktari wa meno wamejaa mtaa mzima na bei ni nafuu mno kuliko huku. Mzee wangu alitengenezewa ya chini yote kule na anatafuna nyama vizuri tu. Beba pasipoti.

Nawaomba tu msiende kiangazi, joto la kule linaua kweli. Na msiegeshe kwenye korongo hata kama ni kavu kabisa, mvua inanyesha milimani huko hata huioni, maji yanakukuta umelala. Usiku bebeni blanketi nzito, jangwa lina baridi nyie!

Nyumbani tutarudi, nyumba ya Tanga ipo na dada yangu anaiangalia. Ila tumekubaliana ni mpaka mzee akishindwa kuendesha, na juzi tu karinyuu leseni, macho kapasi bila miwani.