Petroli na dizeli hutoka kisima kimoja

Ndugu, umeuliza kama petroli, mafuta ya taa na dizeli vina visima tofauti. Hapana, vyote vimo ndani ya mafuta ghafi yale yale, na hutenganishwa kwa joto.

Kiwandani, mafuta ghafi huchemshwa hadi nyuzijoto 350 hivi za Selsiasi, kisha huingizwa kwenye mnara mrefu ambao chini ni moto sana na juu una ubaridi kiasi. Mvuke hupanda, na kila aina hugeuka kimiminika inapofika kwenye joto lake: dizeli hutangulia, juu yake mafuta ya taa, halafu petroli. Gesi ya kupikia hutokea kileleni. Mabaki mazito ya chini hutoa lami.

Usikariri majina tu. Shika hili: molekuli (chembe zinazounda mafuta) zikiwa ndogo huchemka mapema, kubwa huchelewa. Ukilielewa, mpangilio wote utaupata mwenyewe hata kwenye mtihani.

Na mnara pekee hautoi petroli ya kutosha, kwa hiyo molekuli kubwa huvunjwavunjwa kuwa ndogo kwa joto na kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha badiliko hilo bila chenyewe kuisha. Hatua hiyo wengi huisahau, nami naiona ndiyo tamu kuliko zote.