Riwaya ya Mahaba Ikikupendeza na Kukuudhi kwa Pamoja

Wiki hii msomaji wangu mmoja, binti anayesoma chuo hapa Dodoma, ameniandikia hivi: "Dada, shikamoo. Ile riwaya nimeimaliza usiku kucha. Nimeipenda mpaka naona aibu, lakini kuna mahali imenichefua na sijui ni wapi. Wenzangu hosteli wanasema mimi mshamba. Wewe uliionaje?"

Nilimjibu kwa kifupi, kisha nikaona swali lake linastahili zaidi ya hapo, kwa sababu na mimi nimekuwa nalo kifuani muda mrefu.

Riwaya yenyewe wengi mnaijua. Inauzwa sura kwa sura WhatsApp. Unalipa kwa simu, unatumiwa. Jina silitaji kwa sababu mwandishi bado anaiandika na sitaki kumharibia soko. Binti mhasibu kutoka mkoani anapata kazi kwenye kampuni ya ujenzi Dar es Salaam. Mwenye kampuni amefiwa na mke, ana pesa, anakaa Masaki. Yanayofuata mnayakisia, na mwandishi hayafichi kwa mafumbo.

Niliianza kwenye treni ya SGR nikirudi Dodoma. Kabla hatujafika Morogoro nilikuwa nimeshageuzia simu dirishani, maana jirani yangu kitini alikuwa mzee wa heshima. Tulipoingia mahandaki ya Kilosa mtandao ukakata, sura mpya ikagoma kufunguka, na nilikasirika kweli. Nayasema haya ili ieleweke kwamba mwandishi huyu ana kipaji. Anajua kukucheleweshea jambo mpaka ulitamani. Anajua kuandika mwanamke mwenye mwili wake na hamu yake, asiyengoja kuhurumiwa. Na zile sura za chumbani zinazolalamikiwa ndizo zenye adabu kuliko zote: mwanaume anauliza, anangoja jibu, anaambiwa "bado" na anakubali. Ni mara ngapi mmesoma hilo kwenye hadithi zetu?

Sasa njoo sebuleni. Binti anaoga, bwana anachukua simu yake, anasoma meseji, anafuta namba ya kijana waliyesoma naye. Kesho yake dereva anatumwa kumfuata binti kila aendako. Halafu bwana anaongea na mwenye nyumba kule binti alikopanga, anamlipa amtoe, ili binti akose pa kwenda isipokuwa kwake. Na binti anapojua, analia kwa furaha: hajawahi kupendwa hivi! Mwandishi ameipamba sura hiyo kwa maneno matamu kuliko ya kitandani. Hapo ndipo nilipokwama, na nadhani hapo ndipo ulipochefuka na wewe, mdogo wangu.

Mimi nimewahi kuchumbiwa na mwanaume wa namna hiyo. Tulikuwa tunakaa Makole, hapa hapa Dodoma, kila mtu kwake. Ilianza kwa "hebu nione saa kwenye simu yako". Baadaye akataka namba ya siri. Baadaye nikawa naaga hata kwenda sokoni Majengo, nikichelewa napigiwa simu mfululizo, na nikirudi naulizwa nyanya gani inachaguliwa muda wote huo. Barua ya posa ilikuwa imeshapokelewa na sehemu ya mahari imeshatoka. Kila niliyemwambia alinijibu kwamba huyo ananijali, wanaume wa siku hizi hata kupiga simu hawapigi. Nilivunja mwenyewe. Mahari ikarudishwa, na shangazi yangu mpaka leo akinisalimia anaangalia pembeni. Nimeolewa baadaye na mtu mwingine, tuna amani, lakini maneno yale ya "anakujali" bado yananiuma, na nilipoyakuta kwenye riwaya yameandikwa kama malipo ya mapenzi, nilizima simu nikakaa kimya.

Niliandika maoni yangu kwenye kundi letu la akina mama wasomaji. Nikaambiwa nina wivu. Mmoja akasema mwenye machungu yake asiwaharibie wenzake starehe. Na mwingine, mcha Mungu sana, akanitumia ujumbe pembeni kunipongeza kwa kupinga uchafu! Huyo ndiye aliyeniumiza zaidi, kwa kuwa alinisifia jambo ambalo sikulisema. Mimi sikupinga kitanda. Sisi wanawake tunakaa kwenye kicheni pati, tunamwambia bibi harusi mambo waziwazi, mama zake wakubwa wakipiga vigelegele, halafu yakiandikwa kitabuni tunajifanya tumeshtuka. Tuache hilo.

Wala si mara ya kwanza kulaumu ukurasa usiohusika. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika, watu waliona kitabu kichafu na shuleni kikazuiwa. Leo kinachambuliwa vyuoni. Ukikisoma kwa makini, utaona balaa la Rosa halikuanzia kwa wanaume wa mjini. Lilianzia nyumbani, kwa Zakaria, baba mlevi aliyempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Kezilahabi hakumpamba Zakaria. Hakukifanya kipigo kile kiwe mapenzi ya baba, na msomaji anajua nani amemharibu nani. Waliohesabu sura za aibu kwenye kitabu kile walimpita Zakaria, kama ambavyo sisi leo tunampita huyu bwana wa Masaki na dereva wake.

Kwa hiyo unasomaje? Kwanza, tenganisha. Usiseme "nimeipenda" au "nimeichukia" kwa jumla. Sema ni sura ipi na kwa nini. Mimi huandika pembeni kwenye daftari: hapa nimecheka, hapa nimetamani, hapa nimeogopa. Ukikuta umeogopa mahali ambapo mwandishi anataka utamani, simama hapo, soma tena. Pili, mtoe huyo mwanaume kwenye utajiri wake. Mwondolee gari na nyumba ya Masaki, mpe chumba kimoja Nkuhungu na bodaboda, halafu mwache amfanyie binti yale yale. Bado ni mapenzi? Kama hapana, basi kilichokuvutia ni pesa, na si dhambi kuvutiwa na pesa, ila ujue.

Riwaya hii usiitumie kupima ndoa yako. Usimrushie mtoto wa sekondari. Na usisambaze sura ulizolipia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mwandishi huyu kama anavyolindwa mwingine, na dada wa watu anakula kwa hizo sura.

Jambo la mwisho ndilo gumu: sema hadharani yote mawili. Wanaoipenda watakuita mwenye wivu, wanaoichukia watakuvuta upande wao. Usihame. Binti anayesoma kwa siri usiku hosteli anahitaji kumsikia mwanamke mmoja akisema kwamba raha yake haina kosa na hofu yake pia haina kosa. Mimi nikiwa Makole nilimhitaji mwanamke huyo, sikumpata.

Mwandishi nimemwandikia pia, kwa heshima, baada ya kulipia sura mpya. Nimemwambia chumbani amemwandika mwanaume ambaye wasichana wetu wanapaswa kumfahamu, na amfuate huyo huyo hadi sebuleni. Akanijibu kwamba wasomaji wengi wanampenda bwana huyo hivyo alivyo. Najua. Nimemwomba, kabla riwaya haijaisha, binti arudishiwe chumba chake cha kupanga, ufunguo awe nao mwenyewe, hata kama ataendelea kulala Masaki. Sura zilizobaki nazilipia nione kama atampa.