Nyuzi za Gitaa la Umeme: Anza na Unene, Kisha Pambana na Jasho

Mpiga gitaa anayekwenda kununua nyuzi kwa kawaida huuliza kwanza ni chapa ipi yenye sauti nzuri. Kwa uzoefu wangu, swali linalopaswa kutangulia ni la unene, kwa sababu unene ndio unaoamua jinsi shingo inavyovutwa, kimo cha nyuzi juu ya freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo), usahihi wa noti na juhudi inayodaiwa na vidole. Ukibadili chapa utasikia tofauti ndogo, lakini ukibadili unene utalazimika kulirekebisha gitaa zima.

Unene hupimwa kwa sehemu za elfu za inchi, na seti huitwa kwa uzi wake mwembamba kuliko yote. Seti ya 9 huanza na uzi wa inchi 0.009 na mara nyingi huishia 0.042, wakati seti ya 10 huishia 0.046. Tofauti ya elfu moja ya inchi yaweza kuonekana kuwa si kitu, lakini kwenye gitaa ambalo sehemu ya uzi inayotetemeka ina urefu wa inchi 25.5, kama vile Fender Stratocaster, seti ya 10 iliyotyuniwa kwa kawaida, yaani kukazwa hadi noti zake za kawaida, huivuta shingo kwa nguvu ya takriban kilo 47, ilhali seti ya 9 huivuta kwa takriban kilo 38. Gibson Les Paul ina uzi mfupi zaidi, wa karibu inchi 24.75, na kwa hiyo uzi uleule ukikazwa hadi noti ileile hupungukiwa na mvuto kwa karibu asilimia 6. Ndiyo maana mimi hufunga seti ya 9 kwenye gitaa refu na ya 10 kwenye gitaa fupi, na mkono wangu hauhisi kwamba umehama.

Wapo wanaoshikilia kwamba sauti nzito haipatikani ila kwa nyuzi nene, na humtaja mpiga gitaa wa bluzi Stevie Ray Vaughan, aliyetumia seti ya 13 akiwa ameshusha tyuni kwa nusu toni. Ni kweli, lakini Billy Gibbons wa bendi ya roki ya ZZ Top hutumia seti ya 7, na hakuna anayelalamika kwamba sauti yake ni nyembamba. Chagua kwa kazi unayoifanya. Anayepiga solo na kuzivuta nyuzi mara kwa mara ili noti ipande atanufaika na nyuzi nyembamba. Anayepiga ridhimu kwa mkono mzito, au anayeshusha tyuni, anahitaji nyuzi nene zaidi, kwa kuwa uzi mwembamba ukichapwa kwa nguvu hupandisha noti kidogo na kuzifanya kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zisikike zimeharibika.

Kuhusu madini, nyuzi za feleji zilizopakwa nikeli zinawafaa watu wengi. Za nikeli tupu hulainisha sauti, na za feleji isiyoshika kutu hung'arisha sauti na kustahimili jasho, ingawa ni ngumu zaidi kwa freti. Usifunge nyuzi za bronzi za gitaa kavu (lisilo la umeme), kwa maana pikapu, kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi, hufanya kazi kwa sumaku, na bronzi iliyozungushiwa nyuzi nene haiiathiri sumaku hiyo inavyopaswa. Matokeo yake nyuzi hizo husikika hafifu kando ya zile nyembamba za feleji.

Baada ya hapo adui ni jasho. Chumvi na mafuta ya vidole hula feleji na kujaza uchafu katika mizunguko ya nyuzi nene, uzito wa uzi ukawa haulingani tena kutoka mwanzo hadi mwisho, na uzi wa namna hiyo hauwezi kutoa noti sahihi katika kila freti hata ukityuniwa kwa uangalifu namna gani. Nawa mikono kabla ya kupiga. Ukimaliza, bana kila uzi kwa kitambaa kikavu na ukipitishe toka mwanzo hadi mwisho, upande wa chini pia, kwa sababu huko ndiko uchafu unakojificha na ndiko freti zinakochimba vishimo. Nyuzi zilizofunikwa kwa utando wa plastiki hudumu zaidi, nami nazipendekeza kwa wenye mikono yenye jasho jingi.

Usingoje uzi ukatike ndipo uubadilishe. Pitisha kucha chini yake. Ukihisi vishimo, au noti ya freti ya 12 ikikataa kulingana na ya uzi wazi (usiobanwa) kwenye tyuna, kifaa cha kupimia noti, muda wake umekwisha.

Wakati wa kubadilisha, badilisha mmoja baada ya mwingine, hasa ikiwa gitaa lako lina daraja (kipande kinachobeba nyuzi kwenye mwili wa gitaa) linaloelea kwa springi, maana ukizitoa zote springi zitalivuta daraja nyuma na utapoteza muda mrefu kulirudisha. Mizunguko miwili au mitatu kwenye kigingi cha kukazia uzi inatosha. Kisha vuta kila uzi taratibu kwa vidole na utyuni tena, ukirudia hadi uache kushuka. Ikiwa umehamia unene mwingine, kagua pia mpindo wa shingo, kisha usahihi wa noti kwenye freti ya 12, na mifereji ya nyuzi iliyo mwisho wa shingo, upande wa vigingi: uzi uliozidi mfereji hukwama humo, na ukiukaza hutoa mlio mdogo wa kukatika-katika huku noti ikiruka badala ya kupanda. Risasi ya penseli iliyosagwa na kupakwa humo husaidia pale uzi unapokwama kidogo tu. Ukibanwa kabisa, mfereji wenyewe unapaswa kupanuliwa kwa tupa nyembamba, na kazi hiyo ni afadhali kumwachia fundi wa magitaa.